Mbuzi wa Uzi wa Nne

27 Agosti 1934, Honaunau, Kona

Dada yangu Miriama, anayesoma Honolulu na kurudi nyumbani akiwa na viatu, amenipa daftari hili akasema sitaweza kuandika mpaka kahawa iishe mitini. Eti darasa la sita halitoshi kuandika shajara. Haya, tuone. Mimi ni Analu, umri miaka kumi na sita, mchumaji hodari wa kahawa kuliko wote upande huu wa mlima na mpiga gitaa kuliko wote pia. Hilo la pili watu bado hawajalijua, lakini hilo ni kosa lao.

Jambo lenyewe ni hili. Babu alifariki Novemba iliyopita. Novemba hii mwaka unatimia na tutamfanyia karamu ya machozi: asubuhi tunalia kidogo, mchana nguruwe aliyeokwa ardhini anatolewa shimoni, na hapo kilio kinakwisha, anayelia tena anakula mwisho. Kwenye karamu ukoo wetu hupiga magitaa mawili. Kiti cha kwanza kilikuwa cha babu, cha pili cha mjomba Palea. Sasa mjomba amehamia cha kwanza, na cha pili kiko wazi.

Nakitaka. Basi.

28 Agosti

Nimemwendea mjomba akiwa anatengeneza kikapu cha kuchumia.

"Mjomba, nani atakaa kiti cha pili?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Anayejua kufunga mdomo."

"Mimi najua kufunga mdomo."

"Ungekuwa unajua usingenijibu."

Nimeondoka. 

2 Septemba

Miriama amesoma hapo juu (hana adabu) akasema mtu wa mbali hataelewa mdomo unahusiana nini na gitaa. Mtu wa mbali nani atasoma daftari langu? Lakini sawa.

Gitaa linatoka dukani nyuzi zimekakamaa kama mwalimu wa hesabu. Sisi tunazilegeza. Kila ukoo una mlegezo wake: uzi huu ushuke, ule ushuke zaidi, ule uachwe alivyouacha Mungu, mpaka gitaa lenyewe liimbe kabla hujabonyeza popote. Mlegezo mmoja tu ni wa wote, ule tunaouita wa konde la magimbi, na huo hata kuku wanaujua. Mingine ni mali ya ndani. Mlegezo wa babu anao mjomba peke yake. Hata mkewe hakumwonyesha, na nadhani ndiyo sababu mke alirudi kwao mjini Hilo.

Na mjomba hapigi ila mgongo ukiwa ukutani na uso mlangoni. Akisikia hatua anazungusha funguo za gitaa, krr, krr, nyuzi zinavurugika, na wewe mgeni unakuta gitaa linalolia kama sufuria zilizoanguka. Hata paka akiingia anavuruga.

5 Septemba

Kahawa.

6 Septemba

Kahawa. Mvua saa nane. Kahawa.

9 Septemba

Leo nimefanya jambo kubwa.

Mjomba alikuwa chumbani anapiga. Buni zilikuwa juu jukwaani zinaanikwa, paa lake la magurudumu limesukumwa pembeni. Mara mvua ikashuka bila hodi. Mama akapiga ukelele, watu wote wakakimbia kulisukuma paa lifunike, maana kahawa ikilowa juu ya jukwaa msimu mzima umekwenda. Mjomba akatoka mbio, miguu mitupu. Nikamwona kwa macho yangu: alilitupa gitaa kitandani na kukimbia!

Watu wote walikwenda kusukuma paa. Mimi nilikwenda kitandani.

Nikagusa nyuzi moja moja, kuanzia nene mpaka nyembamba. Sita. Nikazibeba sauti zake mdomoni kama mayai mabichi, nikatoka nyuma kwenda banda la punda lilipo gitaa langu. Njiani nikakutana na bibi. Akaniuliza, "Mume wangu, unatoka wapi?" Sikujibu. Akauliza tena. Sikujibu. Akanishika paji la uso, akamwita mama: "Njoo umtazame huyu mtoto, ananyamaza!"

Nilifika na mayai yote sita. Nimeyaatamisha kwenye gitaa langu. Mlegezo wa babu ninao!

(Mjomba aliniuliza nilikuwa wapi paa likisukumwa. Nilisema chooni. Akasema, "Mvua ikinyesha ndiyo tumbo lako linakumbuka?")

11 Septemba

Mlegezo wa babu ni mgumu. Uzi wa nne unalia kama mbuzi. Zile tano zinakubaliana vizuri kama watu wa familia moja, kisha huyo wa nne anaingia: mee! Nimejaribu kumpita bila kumgusa, lakini yuko katikati, hapitiki.

Babu alikuwa hodari sana kama aliweza kuishi na mbuzi huyu.

15 Septemba

Mbuzi.

16 Septemba

Mbuzi. Punda wetu amezoea, mimi bado.

21 Septemba

Amewasili binamu Ezera kutoka Kau kuja kusaidia kuchuma. Ana miaka kumi na minane na maneno kama manane. Tangu alfajiri amesema "aloha" na "chumvi". Mimi namwita Bubu. Mjomba anampenda mno. Jioni tukila poi, ule uji mzito wa magimbi, na samaki mkavu, mjomba akasema mbele ya wote, "Ezera, unapiga gitaa?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi kiti cha pili ni chako."

Hivyo tu. Watu wanachagua mbwa wa kulinda kuku kwa mashauri marefu kuliko hayo. Nimemaliza poi yangu na ya Miriama.

24 Septemba

Nimemsikia Bubu akipiga. Mlegezo wa konde la magimbi, safi, hana kosa hata moja. Hakuna kosa wala kitu kingine chochote.

3 Oktoba

Mvua tangu saa saba, hatukuchuma. Bandani na punda.

Nimempata! Nimempata mbuzi! Nilikuwa nimechoka, nikampiga uzi wa nne kwa hasira, na kidole changu kikateleza, kikamdondokea kabla hajamaliza kulia. Na kilio kikageuka kicheko. Nikarudia. Akalia, kidole kikaanguka, akacheka. Kumbe haukuwa uzi mbovu, ulikuwa unangojea kusukumwa kidogo tu uingie nyumbani. Na ule uchungu wa mwanzo ndio unaofanya utamu wa baadaye uwe utamu.

Kidole kipi na kinaanguka wapi, siandiki. Miriama anasoma kila kitu.

Nimepiga mpaka ncha za vidole zimekuwa ngumu kama kwato. Punda ametega masikio yote mawili. Jumapili ya wiki ijayo namwonyesha mjomba, na Bubu atarudi kwenye chumvi yake.

14 Oktoba, Jumapili

Naandika kwa ubishi tu, kwa kuwa Miriama alisema nitashindwa.

Tulitoka kanisani. Mjomba alikuwa barazani na Ezera, bibi anamenya viazi vitamu. Nikaleta gitaa langu. Nikasema, kwa sauti nzuri niliyoiandaa, "Mjomba, nina zawadi yako. Kaa vizuri usije ukaanguka."

Nikapiga wimbo wa babu wa mvua, wote, na mbuzi akicheka kila mahali pake. Nilifumba macho. Nilipomaliza nikafumbua, nikitarajia machozi.

Mjomba alikuwa amekunja uso. "Huo mlegezo umeutoa wapi?"

"Ni wa babu," nikasema. "Nilisikiliza gitaa lako siku ya mvua, ulipolitupa kitandani."

Akanitazama, na mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, akacheka mpaka bibi akaacha viazi.

"Ee Mungu! Analu! Mwanangu! Ule si mlegezo wa baba. Ule ni uchafu wangu! Mimi nikiinuka, mkono unazungusha funguo wenyewe. Hata nyumba ikiungua, mkono utavuruga kwanza ndipo miguu ikimbie. Umeiba takataka!"

"Lakini ulikimbia..."

"Nilikimbia, na nilivuruga! Nimevuruga miaka ishirini, wewe ndiye mwizi wa kwanza kukanyaga mtego!"

Hata Bubu alicheka. Hajawahi kusema maneno manne kwa mfululizo, lakini kucheka anajua.

Wiki tano. Wiki tano nimempapasa mbuzi wa mjomba bandani. Ukoo mwingine wowote duniani usingeninasa kwa mtego huo. Ni sisi tu tunaoweka kufuli juu ya sauti, na ni mimi tu niliyeshangilia kumiliki kufuli.

15 Oktoba

Kahawa.

16 Oktoba

Watoto wa jirani wamenililia "mee" njiani. Habari imefika mpaka kanisa la juu. Mjomba anasema mdomo wangu hauna mlango, na wake je?

17 Oktoba

Nimekwenda bandani kuzirudisha nyuzi kwenye konde la magimbi. Nimeshika ufunguo wa uzi wa nne. Nikasema nimpige mara ya mwisho tu, kumuaga. Nikampiga, kidole kikaanguka, akacheka.

Sikuzungusha. Nilimwambia punda, "Takataka au si takataka, wewe unaonaje?" Akala majani.

19 Oktoba

Sikiliza hili.

Mzee Kapule anakaa nusu maili juu yetu. Ukoo wake na wetu wamekuwa wakishindana kwa magitaa tangu babu zetu walipokuwa wachunga ng'ombe, na yeye ndiye mpigaji wao mkuu. Kichwa chake kimejaa sifa zake mwenyewe, kofia inakaa juu juu. Leo alikuwa anashuka na punda wake wenye magunia kwenda kinuni. Mvua ilikuwa inapiga. Mimi bandani napiga wimbo wa mvua. Nachungulia kwenye ufa wa ubao, namwona amesimama barabarani. Analowa. Anajifanya anakaza kamba ya gunia ambalo halijalegea.

Nikamaliza. Akasubiri. Nikaanza tena. Akakaza kamba tena.

Mwisho akaita, "We kijana! Huo mlegezo wa nani?"

"Wa kwetu!"

"Si wa babu yako. Wa babu yako nausikia tangu sijaota ndevu."

"Nimesema wa babu yangu? Nimesema wa kwetu."

Akashuka. Magunia yalikuwa yamelowa chepechepe. Mtu aliyeshindana na ukoo wetu maisha yake yote amelowesha kahawa yake kwa sababu ya mbuzi!

22 Oktoba

Amepita tena. Safari hii punda hawana mzigo wowote. Eti "anawanyoosha miguu".

23 Oktoba

Amepita tena, na safari hii mjomba amemwona. Alikuwa nyuma ya mti wa kahawa, kikapu kiunoni, akamtazama Kapule akijibanza ukutani kwetu kama mwizi wa kuku. Hakumfukuza. Alisikiliza naye. Nilijua yupo, kwa hiyo nilipiga vizuri zaidi, sisemi uongo.

Kapule alipoondoka, mjomba akaja mlangoni.

"Huyo mzee amepita mbele ya nyumba hii miaka ishirini nikipiga," akasema. "Hajapunguza hata mwendo wa punda."

Nilikuwa na maneno kumi tayari mdomoni. Nilimtazama uso, nikayameza yote kumi. Sikujua kuwa mtu anaweza kukaa na mgongo ukutani miaka yote hiyo na wakati huohuo akatamani mtu asimame barabarani amsikilize.

4 Novemba

Mjomba ameniita chumbani. Amefunga mlango, akakaa, akalegeza nyuzi, kwa mlegezo wa babu wa kweli.

"Geuka ukutani."

Nikageuka. Yeye naye akageuka ukutani mwingine. Tukapiga hivyo, mgongo kwa mgongo, kama watu waliogombana kitandani. Wimbo wa mvua. Yeye akienda chini mimi niko juu, yeye akipumzika mbuzi wangu analia na kucheka kwenye nafasi aliyoiacha. Ilikuwa kama nyumba ambayo chumba kimoja kilikuwa kimefungwa muda mrefu, sasa dirisha limefunguliwa.

Tulipomaliza nikageuka.

"Mjomba, kiti..."

"Nimeshamwahidi Ezera. Neno langu ni neno."

"Lakini umesikia!"

"Nimesikia. Na Ezera pia amelisikia neno langu."

Siwezi hata kumchukia sawasawa. Ingekuwa rahisi angekuwa mwongo.

10 Novemba

Ezera amenichumia safu yangu ya juu, kule kwenye mawe, bila kuombwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Unapiga mpaka usiku. Umechoka." Maneno manne, nimeyahesabu. Jina la Bubu silitumii tena. Lakini kiti bado nakitaka.

18 Novemba

Kahawa za mwisho mwisho mitini. Mama na bibi wanagombana kuhusu ukubwa wa nguruwe.

25 Novemba, Jumapili

Karamu ilikuwa jana, na leo nimelala mpaka jua limenichoma. Sasa naandika yote.

Asubuhi tulilia kaburini. Bibi alimweleza babu habari zote za mwaka, pamoja na za mbuzi, kwa kirefu. Mchana shimo likafunguliwa, mvuke ukapanda, watu wakakaa mikekani mpaka nje ya ua. Kwa desturi wageni wanatangulia kupiga, wenyeji wanafunga.

Mzee Kapule akainuka na gitaa. Akasema anataka kumheshimu marehemu kwa "kitu kipya". Akazungusha funguo huku amejifunika kwa kofia. Akaanza.

Ulikuwa mlegezo wangu. Alisimama barabarani mara zile zote na kubeba mayai yangu, kama nilivyobeba ya mjomba! Nyuzi sita zote, kila moja mahali pake. Masikio ya mzee yule si mchezo.

Lakini kidole hakukiona. Nilikuwa ndani ya banda, yeye nje. Akafika uzi wa nne: mee! Akaendelea, jasho linamtoka. Mee! Akajaribu kumpita kwa haraka. Mee!

Watoto wakaanza kubana vicheko. Bibi akainua kichwa kutoka sahani yake, akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Nani ameleta mbuzi? Mimi nimechinja nguruwe."

Ua mzima ukaanguka kicheko. Kapule akakatiza katikati, akakaa, akaivuta kofia mpaka puani.

Ikawa zamu yetu. Viti viwili vikawekwa. Mjomba akakaa cha kwanza, Ezera cha pili. Mimi nilisimama karibu na shimo la nguruwe, gitaa langu mgongoni, kwa sababu sikuweza kuliacha nyumbani. Mjomba akanitazama. Akamtazama Ezera. Alikuwa ameshaahidi.

Ezera akaangalia mikono yake. Kisha akasimama, akashika mgongo wa kile kiti, akakigeuza kunielekea.

"Analu. Kaa."

"Umeahidiwa wewe," nikasema. Nilitaka kukaa kuliko kitu chochote, lakini nilisema.

"Kilichoahidiwa ni changu. Changu nampa nimtakaye." Akatafakari. "Tena mimi nina njaa."

Mjomba alicheka, na sasa hakunicheka mimi.

Nikakaa. Safari hii hatukupeana migongo. Tukapiga wimbo wa mvua. Mjomba akaweka chini mlegezo wote wa babu, taratibu, kama mtu anayetandika mkeka, na mimi nikaja juu. Uzi wa nne ukalia. Nikasikia watu wakivuta pumzi, wakidhani ni balaa la Kapule tena. Kidole kikaanguka. Ukacheka.

Sauti iliyotoka uani hapo siwezi kuiandika. Mwanamke mmoja alisema "Auwe!" na akaweka sahani chini. Tulipofika ubeti wa mwisho kila mtu alikuwa anaimba, mpaka wale wa nje ya ua, na Kapule kofia ameivua, anatazama mkono wangu wa kushoto bila kupepesa. Nikaligeuza gitaa kidogo asiuone. Akagonga goti lake kwa ngumi, akapaza sauti, "Shetani mdogo wewe! Rudia!"

Tulirudia mara tatu. Bibi alilia wakati kilio kimeshapigwa marufuku, na hakuna aliyethubutu kumwambia ale mwisho.

Miriama, soma hapa: kahawa imekwisha na bado naandika.

27 Novemba

Mvua ndogo. Mjomba amekuja bandani leo na gitaa lake. Akakaa juu ya gunia tupu, akaanza habari za punda, kisha za mbolea, kisha za punda tena.

"Sema, mjomba."

Akajikuna kidevu. "Ule uzi wa nne. Mimi nilizungusha tu, sikutazama. Uko wapi hasa?"

Dada yangu, ningeweza kufa hapo nikiwa nimeridhika. Nilikunja mikono kifuani.

"Mjomba, wewe unauliza takataka zako ziko wapi?"

"Usinifanyie mchezo, mtoto wewe."

"Kwanza wa babu. Kisha takataka."

Halafu akaburuta gunia lake likasogea ubavuni kwangu, si mbele, ubavuni, mahali mkono wake wote unaonekana. Akaushika ufunguo wa uzi wa sita, ule mnene, akauzungusha polepole mno ili nione unakoishia. Nami nikashusha wangu, nusu ya kucha kwa nusu ya kucha, mpaka ukalala juu ya wake na sauti zikawa moja.

Hapo kwato zikasikika barabarani. Mzee Kapule na punda wake watupu. Zikafika usawa wa banda, zikasimama. Akakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa.

Mjomba akanitazama, nami nikamtazama. Tukapasua wimbo wa kanisani kwa sauti za walevi, kila mtu na lake, punda wetu akaingilia kati, na tukaimba beti zote na kuanza upya mpaka kwato zikaenda zao mlimani.

Kisha tukashika uzi wa tano.